Podo Lisilopiga Kelele

Bonde letu lina kina Ura Troyer watatu. Mmoja ni Ura Mbuzi, ingawa mbuzi wenyewe aliwauza zamani. Mwingine ni Ura wa Dani. Wa tatu ni Ura Msumeno, aliyemwoa dada yangu Verba, na huyu ndiye ninayetaka kusimulia habari zake.

Anaitwa Msumeno kwa sababu ya kazi. Tangu alipomaliza shule amekuwa akisimama kando ya msumeno mkubwa wa kiwanda cha mbao, unaoendeshwa na injini ya dizeli. Shule yetu inaishia darasa la nane. Yeye na mimi tuliimaliza siku moja, tukitoka benchi moja, maana tulizaliwa mwaka mmoja, yeye mwanzoni na mimi mara tu baada yake. Yeye akaenda kwenye msumeno. Mimi nikashona hatamu za farasi pamoja na baba yangu, na baba alipofariki nikafungua duka la vifaa vya kuwindia katika banda lililo nyuma ya nyumba. Nauza pinde, mishale, na mapodo ya kubebea mishale. Kazi hii inanifaa. Bidhaa zinaning'inia ukutani chini ya dirisha la paa, na mtu anajionea mwenyewe. Akiniuliza, namjibu. Asiponiuliza, tunakaa.

Ura ana maneno machache kuliko mimi. Wakija kututembelea, Verba na mke wangu Iva huongea jikoni, na sisi wawili huketi barazani tukitazama farasi. Wakati wa kuondoka Ura husema, "Haya, shemeji." Nami husema, "Haya." Hatujawahi kugombana.

Lakini Jumapili ya ibada Ura ana kazi yake. Kitabu chetu cha nyimbo kina maneno tu, hakina alama zozote za sauti. Sauti zinakaa vichwani mwa watu, na vichwa vinavyozihifadhi vizuri ni vichache. Cha Ura ni kimojawapo. Wimbo wa pili wa ibada huwa uleule kila mara, na huimbwa polepole sana. Mtoto akisinzia mwanzoni, akiamka atakuta bado hatujafika mbali. Ura huanza peke yake. Huvuta silabi ya kwanza hadi juu, huishusha, huizungusha, ndipo wote tunaingia. Mtu huyu hawezi kuomba chumvi mezani bila kukohoa kwanza, lakini huimba peke yake mbele ya kanisa zima bila kutikisika. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia. Sidhani kama ana kitu kingine anachokiona kuwa chake hasa, ukiacha farasi.

Na upinde.

Kila vuli Ura alikuwa anapata kulungu. Hakuwa mwindaji wa kujisifu. Alipanda mwaloni uleule katika msitu wa jirani yetu Mahlon, akaketi kwenye kiti alichokifunga huko juu, na akashuka na nyama. Verba alisaga, wakatengeneza soseji, na sisi tukaletewa fungu letu. Mishale aliibeba mgongoni, katika podo la ngozi aliloshona mwenyewe.

Kisha ikapita vuli nzima bila kulungu. Ikapita ya pili. Ilipopita ya tatu, watu wakaanza kumpelekea soseji yeye. Aliipokea kila moja na kushukuru, na Verba anasema hakuna hata moja aliyoigusa.

Basi mwaka uliofuata, kabla msimu wa kuwinda haujafunguliwa, Ura akaja dukani. Alikuwa na mkwewe Ferman, kijana mrefu aliyemwoa binti yao mkubwa, mtu wa kupenda utani na mwenye sauti ya kutosha watu watatu.

"Podo langu linalia," Ura akasema.

"Linalia vipi?"

"Sijui. Ngozi imezeeka. Kulungu anakuja, anasimama, anasikiliza, anaondoka. Lazima kuna kitu kinalia. Na juu ya ule mti tupo mimi, upinde na podo. Upinde umeukagua wewe mwenyewe, ukasema mzima. Limebaki podo."

Hesabu ilionekana sawa. Wakati ule sikuona kwamba katika vile vitatu alijitaja yeye kwanza.

"Mwaka huu nikikosa tena," akaendelea, "upinde anachukua Ferman. Nimekwisha sema nyumbani."

"Mimi sijaomba, mjomba," Ferman akaniambia. "Mimi nimeutazama tu."

"Ameutazama tangu siku ya harusi," Ura akasema.

"Sasa siku ile ningetazama nini? Hotuba zilikuwa ndefu."

Nikamwuliza Ura kama anataka podo la mgongoni tena, la kiunoni, au la kufunga kwenye upinde wenyewe.

"Kwenye upinde. Sitaki kitu cha kunisugua."

Nikamshushia matano, nikayapanga mezani. Nikamwambia kwanza atazame kofia, pale ncha zinapoingia, maana ncha za kuwindia ni wembe mtupu, na kofia isiyoshika vizuri humkata mwindaji kabla ya kulungu. Halafu atazame meno ya mpira yanayobana miti ya mishale. Mpira mgumu ukipata baridi hulia mtu anapochomoa mshale. Halafu uzito. Podo likikaa mbali na upinde, upinde hulala upande mmoja na mkono unachoka kabla kulungu hajafika. Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyosema mwezi ule, na Ferman akaniuliza kama ninahitaji maji.

Ura akafunga podo la kwanza, akalijaza mishale, akalitikisa karibu na sikio. Akafunga la pili, akatikisa. Akafunga la tatu. Lile la nne lilikuwa na kitaa kidogo ndani ya kofia. Betri yake nilikuwa nimeitoa, si kwa sababu askofu wetu, anayeamua mambo ya umeme, amekataza, ila kwa sababu sikutaka kuwa mtu wa kumwuliza. Ura alipolitikisa likagonga kama kijiko ndani ya kopo.

"Hili," akasema. "Hili ni kimya kabisa."

Ferman akanitazama. Nami nikamtazama Ferman.

"Baba mkwe," Ferman akasema, "hilo ni kengele. Ukipanda nalo mtini, ng'ombe wa Mahlon watarudi zizini wenyewe."

Ura akalitikisa tena. Akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayedhani anataniwa.

"Nyinyi mnalisikia?"

"Hata shangazi Iva kule jikoni amelisikia. Sasa hivi anakuja kuuliza nani anataka kahawa."

Ura hakubisha. Akalirudisha mezani taratibu, akachukua lile la pili. Ni podo la vipande viwili, kofia juu na meno chini, kila kipande kimefungwa na bolti zake moja kwa moja kwenye mwili wa upinde.

"Na hili?"

"Hilo ni kimya," tukasema kwa pamoja.

Akaondoka nalo.

Kabla ya kulipeleka msituni alilijaribu nyumbani. Dada yangu ndiye aliyenisimulia. Ura alimsimamisha kando ya barabara ya kokoto, akaulaza upinde kwenye sakafu ya gari la farasi, akampitisha farasi mbio mbele yake. Akageuza, akarudi, akasimama.

"Umelisikia?"

"Nimesikia kwato, nimesikia magurudumu," Verba akamjibu, "na sasa nakusikia wewe unapiga kelele. Podo sijalisikia."

Msimu ukafunguliwa. Ura akapanda mwaloni wake kabla ya kazi, na Jumamosi nzima. Akarudi dukani na podo mkononi.

"Linalia."

"Umelisikia?"

"Kulungu amelisikia."

Nikambadilishia. Nikampa la kipande kimoja, fupi, lenye mpira laini. Akalirudisha. Nikampa lenye kishikio cha kulitolea, ili akifika juu alitoe, alitundike tawini mbali na mikono yake. Akalirudisha hilo pia, akasema hata likiwa tawini kulungu wanalisikia. Hatimaye akarudia lile alilochukua mwanzo, la vipande viwili, kwa sababu hakukuwa na lingine la kujaribu.

Habari zikaenea. Ferman hakuzieneza kwa ubaya, alizieneza tu. Watu wakawa wanaingia dukani na kuuliza, "Aden, yale mapodo yako ya kufukuza kulungu bado unayo? Wameingia kwenye mahindi yangu." Nikawa nacheka pamoja nao, kwa kadiri ninavyoweza kucheka mbele za watu.

Mwishowe nikamwambia Ura kwamba asubuhi moja nitakwenda naye. Nikafunga kiti changu kwenye mwaloni wa pili, karibu na wake, mahali ambapo ningeona podo, upinde na mikono yake. Nilitaka kujua ni bolti gani inayolegea.

Tulipanda kukiwa bado na giza. Kukapambazuka, umande umeganda juu ya majani, hakuna upepo. Nikatega sikio. Podo lilikuwa kimya. Upinde ulikuwa kimya. Kiti hakikulia. Nikaanza kusikiliza ndege, halafu nikawa nasikiliza kitu kingine, na nilikuwa nimekisikiliza muda mrefu kabla ya kujiuliza kinatoka wapi. Mdomo wa Ura ulikuwa umefumbwa. Macho yake yalikuwa kwenye njia ya kulungu. Na kutoka kifuani mwake ulikuwa unatoka wimbo wa pili wa ibada, chini chini, polepole, silabi kwa silabi, kama tunavyouimba kanisani.

Kulungu dume akatokea kwenye vichaka. Akasimama kama mtu aliyechelewa ibada asiyejua akae benchi lipi. Akasikiliza kidogo. Kisha akageuka akaenda zake, bila haraka.

Tukashuka.

"Umelisikia podo?" Ura akauliza.

"Sijalisikia."

"Mimi pia. Sasa kwa nini ameondoka?"

Nilikuwa na jibu. Nikatazama viatu vyangu. Ura naye akavitazama, pengine alidhani ndivyo vinavyolia.

Siku ileile nikaenda kwa Verba. Alikuwa jikoni anamenya matofaa ya kupika, beseni lote.

"Anaimba," nikasema.

"Nani?"

"Ura. Mtini."

Hakuacha kumenya. "Wimbo wa pili?"

"Wa pili."

"Hata hapa anaimba. Akinyoa, akimfunga farasi, akitafuna. Miaka sasa. Nilidhani akipanda mtini ananyamaza."

"Hajui?"

"Atajuaje? Hajisikii. Ule msumeno umemla masikio. Mimi nikiongea naye nasimama mbele yake, yeye anadhani ni heshima."

"Mwambie."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyekwenda naye."

"Wewe ndiye mkewe."

Verba akaweka kisu chini. "Aden, nikimwambia kwamba hasikii vizuri, Jumapili hataanzisha wimbo. Atasema asije akawapoteza watu. Unamjua. Atakaa pale kwenye benchi, mikono magotini, anasikiliza mwingine anauimba. Nyama mimi naweza kununua."

"Na upinde?"

"Upinde atachukua Ferman, na Ferman tunamwona kila siku."

Akanipa tofaa. Nikalila lote, mpaka mbegu, nikaondoka.

Majuma yakapita hivyo. Wiki ya kuwinda kwa bunduki ikaja ikaisha, misitu ikarudi kwa watu wa pinde. Theluji ya kwanza ilipoanguka, Ura akaingia dukani peke yake, upinde kwapani.

"Urefushe mvuto wake," akasema. "Ferman ana mikono mirefu."

"Msimu bado haujaisha."

"Kwangu umeisha."

Nikaufunga upinde kwenye jiriwa, nikaanza kulegeza nyaya, maana pinde za siku hizi zina nyaya na magurudumu madogo. Ni kazi ya muda mfupi, lakini nilikuwa naifanya kama mtu anayejifunza. Ura akafungua bolti za podo, akalitoa, akaliweka mezani na kulifuta theluji kwa kiganja.

"Podo lichukue. Ferman hatalihitaji. Yule hata akiwa mtini hafungi mdomo."

"Hata wewe," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Lilitoka tu, nikabaki na ufunguo wa bolti mkononi.

"Mimi nini?"

"Hata wewe hufungi. Umeufumba, lakini unaimba."

Ura akasogea, akageuza kichwa. "Sijakusikia."

Neno gumu ukilisema mara moja unaweza kulivumilia. Mimi ilinibidi nilirudie kwa sauti kubwa. Iva akafungua dirisha la jikoni kutazama kuna nini, akalifunga.

Ura akakaa kwenye kasha la mishale.

"Naimba nini?"

"Wimbo wa pili."

"Wote?"

"Siku ile ulifika ubeti wa tatu. Hapo ndipo alipoondoka."

Akatazama ukutani, mapodo yote yamening'inia kwenye misumari yake.

"Kwa hiyo hili lilikuwa zima."

"Tangu mwanzo."

"Na hayo mengine?"

"Mazima. Ila lile la kitaa."

"Lile nililipenda," akasema.

Nikasubiri aseme kwamba Jumapili hataanzisha wimbo. Niliona anakuja kulisema. Alikohoa kama anavyokohoa mezani kabla ya kuomba chumvi.

"Shemeji. Ilikuwa sawa?"

"Nini?"

"Sauti. Nilikuwa nimeishika, au nilikuwa nimepotea?"

Nikafikiri vizuri kabla ya kujibu, maana hilo halikuwa swali la kujibiwa kwa huruma, na yeye angejua. Nikazirudia beti zile kichwani, kama nilivyozisikia kule mtini.

"Ulikuwa umeishika," nikasema, kwa sauti kubwa, ili nisirudie. "Pale inapopanda ulipanda. Pale inapozunguka ulizunguka, na pale vijana wanapokimbia wewe hukukimbia. Nilikuwa nakufuata moyoni. Ndiyo maana yule kulungu sikumwona mpaka alipokuwa karibu nawe."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Basi ndani bado nasikia," akasema.

"Ndani unasikia."

Akainuka, akaja kwenye jiriwa, akautazama upinde. "Rudisha ulipokuwa. Ferman atasubiri."

Nikaurudisha. Kazi ile niliifanya upesi.

"Lakini siwezi kuacha kitu nisichokisikia," akasema.

Juu ya meza palikuwa na mviringo wa kamba ya katani, ile ya kufungia marobota ya majani makavu, ambayo mimi hufungia vifurushi vya wateja. Nikaitazama. Yeye naye akaitazama. Sisi wawili tukitazama kitu kimoja kwa muda, huwa tumekubaliana.

Asubuhi iliyofuata tulipanda kila mtu mwaloni wake, podo limefungwa mahali pake, na kamba ikatoka kwenye kifundo cha mguu wa Ura, ikapita juu ya tawi, ikaja mkononi mwangu. Akianza kuimba, nilivuta. Akinielewa, alitikisa buti mara moja. Hatukupata kulungu. Nilivuta mara nyingi mno hivi kwamba tuliposhuka alikuwa anachechemea, na Verba akamwuliza kama ameanguka. Akasema hapana. Akasema alikuwa na mimi. Verba akanitazama.

Tukaenda tena, na tena. Ukweli ni kwamba alikuwa anaimba kidogo zaidi kila siku, au mimi nilikuwa navuta kidogo zaidi, sijui. Kulungu walipita mbali. Siku zilizobaki zilikuwa chache, na Ferman alikuwa amekwisha nunua mishale yake, mirefu, akaiacha dukani kwangu "isubiri mwenzake".

Asubuhi moja theluji ilikuwa imetanda na hewa imesimama kabisa. Ura akaanza. Nikaishika kamba. Kabla sijavuta nikaona kulungu jike, mnene, amekwisha kutoka vichakani, anafukua theluji kwa pua akitafuta mbegu za mwaloni. Kamba ilikuwa imelala juu ya tawi lililofunikwa na barafu, na kulungu yuko chini yake hasa. Ningeivuta, barafu yote ingemwangukia mgongoni.

Sikuvuta.

Ura akaendelea. Ubeti wa kwanza ulikuwa umemalizika. Kulungu akainua kichwa, akaelekeza masikio yote mawili juu, kwetu. Nilifumba macho, nikayafumbua. Alikuwa bado yupo. Akatafuna. Ura akainua upinde polepole, bado anaimba, ubeti wa pili sasa, mstari wa kati. Kisha akaanza kuvuta, na wimbo ukakatika wenyewe, kwa sababu ule upinde unahitaji pumzi yote ya mtu wa umri wetu. Kulungu akainamisha kichwa, kama tunavyoinamisha sisi wimbo unapokwisha.

Mshale ukaenda. Mingine ilibaki ndani ya podo, na podo halikutoa sauti yoyote.

Kulungu alikimbia kidogo akaanguka mbele ya macho yetu. Ura akaning'iniza upinde, akaanza kushuka, akiwa ameisahau kamba. Mimi nilikuwa nimeizungusha mkononi. Nikashuka mapema kuliko nilivyokusudia, na theluji ikanisaidia.

Tukasimama juu ya kulungu. Ura akavua kofia, akaishika kifuani, akaivaa.

"Ulivuta?"

"Sikuvuta."

"Nilikuwa naimba?"

"Ulikuwa unaimba."

"Na akaja."

"Akaja, akakaa."

Akafikiri. Niliona jambo hilo linamsumbua kuliko lile la kwanza. Kama kulungu hakimbii wimbo, basi ile miaka mitatu ilikuwa ya nini? Na kama anaupenda, je, ni haki? Hayo ni mambo ya askofu, na sisi hatukuwa watu wa kumwuliza.

"Tusimwambie mtu," Ura akasema.

"Tusimwambie."

Mchana ule Ferman akaja kusaidia kuchuna. Akazunguka kulungu, akampapasa mbavu, akaona mahali mshale ulipoingia, akapiga mluzi.

"Baba mkwe! Sasa hapa siri ni nini? Miaka mitatu tunakula kuku, leo umeamkaje?"

Ura akanoa kisu.

"Podo," akasema.

"Podo lipi?"

"Lile la vipande viwili."

"Si ndilo ulilorudisha?"

"Nikalichukua tena."

Ferman akanigeukia. "Mjomba, ni kweli?"

"Ni podo zuri," nikasema.

Kesho yake akaja kununua la aina hiyohiyo, pamoja na upinde wake mwenyewe wa kuendana na ile mishale mirefu. Baada yake wakaja wengine, mpaka ukuta ukawa na misumari mitupu, na lile la kitaa peke yake. Kila mmoja ananiuliza kama podo la Ura Msumeno kweli halipigi kelele. Namwambia halipigi.

Siku tuliyochuna, Ferman alipokwenda kuosha mikono, Ura aliniambia, "Jumapili utakaa kando yangu."

"Kila Jumapili nakaa kando yako." Kanisani kwetu wanaume huketi kwa umri, na kati yake na mimi hakuna mwingine.

"Basi ushike koti. Nikipotea, uvute."

Ibada zetu huzunguka nyumba kwa nyumba, na safari hii ilikuwa kwa Mahlon, benchi zimepangwa ndani ya karakana yake na jiko la makaa limewashwa. Wimbo wa kwanza ukaimbwa. Kisha mmoja wa wazee akataja jina la Ura. Ura aliangalia mikono yake. Nikapeleka mkono nyuma, chini, nikashika upindo wa koti lake kwa vidole viwili. Upande wa wanawake Verba alikuwa anatazama, na alikuwa anautazama mkono wangu.

Ura akaanza. Akaivuta silabi ya kwanza hadi juu, akaishusha, akaizungusha, nasi tukaingia.

Niliushika upindo ule mpaka mwisho wa ubeti wa mwisho. Vidole vilikufa ganzi. Sikuvuta.

Baadaye, tukiwa mezani, kuna mkate na siagi ya karanga na kahawa, na vijana wanapigiana kelele kutoka huku hadi kule, Ura akanigeukia. Akanitazama mdomo, kama anavyotutazama siku hizi.

"Haya, shemeji?" akauliza.

"Haya," nikasema.